Magazini Umeificha, Bastola Je?

SEHEMU YA 1

Hii ni ndefu, kwa hiyo nimeigawa sehemu tisa. Kama unanyonyesha, soma kidogo kidogo. Kama uko zamu, isome ukitoka. Lakini isome, halafu mpe na baba watoto simu aisome.

Naandika hasa kwa familia zetu zilizoko Marekani: Texas, Minnesota, Kentucky, Ohio, Arizona na kwingine kote tulikotawanyika. Mimi ni nesi. Siku hizi nikiongea na mama wa mtoto mdogo, namuuliza kuhusu chanjo, namuuliza analalaje, na namuuliza kama nyumbani kuna bastola. Majibu ya wenye nayo yanafanana kama yametoka mdomo mmoja: "Ipo nesi, ya baba, lakini usijali. Anatoa magazini anaificha mbali. Haina kitu."

Ugomvi wangu leo ni na hilo neno "haina kitu". Sigombi na mumeo. Anaendesha teksi usiku, au anafungua duka alfajiri, ameona aina ya watu anaokutana nao, amenunua bastola na sheria imemruhusu. Sikwambii muiuze. Nakwambia hivi: kutoa magazini na kuificha SI kufunga bastola. Ni kujidanganya kwa nia njema, na watoto hawaponi kwa nia yetu njema.

SEHEMU YA 2: Kwanza tujue kitu chenyewe

Wengi wetu tunaogopa hata kukitazama, kwa hiyo tunaachia baba ndiye aelewe. Hapana. Kitu kilichomo nyumbani mwako na kinaweza kumuua mwanao, lazima ukijue.

Magazini ni kile kisanduku kirefu cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola kwa chini. Zamani zile nyembamba zilipanga risasi safu moja, moja juu ya nyingine. Bastola nyingi zinazouzwa leo zina magazini ya safu mbili: risasi zinapishana, moja kushoto moja kulia, kama matofali ya ukuta, halafu kule juu zinabanwa zitoke moja moja. Ndiyo maana mpini unaoenea kiganjani unabeba risasi nyingi hivyo.

Si jambo jipya. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ilikuwa tayari inabeba risasi 13 kwa mtindo huo. Jeshi la Austria lilipochagua Glock 17 mwaka 1982, magazini yake ilibeba 17. Ile ndogo yake, Glock 19, inabeba 15. Ndogo zaidi, Glock 26, inabeba 10.

Namba hizi ndizo wanaume wanazozungumza wakikaa pamoja kwenye nyama choma. Yako inabeba ngapi? Yangu 15, nataka ile ya 17. Inapatikana wapi, bei gani, itaingia kwenye yangu? Masaa mawili ya maongezi. Swali la kufuli halijaulizwa hata mara moja.

SEHEMU YA 3: Risasi inayobaki

Sasa shika hili hata kama utasahau mengine yote.

Magazini ni ghala tu. Risasi inayofyatuka haiko ghalani, iko kwenye chemba, kule juu nyuma ya mtutu. Bastola ikishapakiwa tayari kupiga, risasi moja imeshapanda chemba. Ukichomoa magazini, zile 15 za ghalani zinatoka nayo. Ile moja ya chemba INABAKI.

Mtoto akiokota bastola hiyo, mpini uko wazi kwa chini, tundu linaonekana, kila mtu anaamini haina kitu. Anavuta triga. Inalia.

"Si itagoma kama magazini haipo?" Baadhi hugoma. Hi-Power ilitengenezwa na kizuizi hicho, na jimbo la California tangu 2007 liliwataka watengenezaji wakiweke kwenye aina mpya walizotaka ziidhinishwe kuuzwa huko. Lakini bastola nyingi sana hazina. Glock za kawaida hazina. M&P za Smith & Wesson ziliuzwa zenye nacho na zisizo nacho. Hebu muulize mumeo leo: "Hii yetu, magazini ikiwa nje, inapiga au haipigi?" Akisita kujibu, umeshapata jibu.

Na kuna kosa la mpangilio. Mtu anavuta slaidi kwanza, risasi ya chemba inaruka nje, anaridhika, ndipo anachomoa magazini. Masikini, slaidi ilipojirudisha ilichukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini ikaipandisha chemba. Magazini hutoka KWANZA, halafu slaidi inavutwa, halafu chemba inatazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Hiyo ni kazi ya aliyefundishwa, mtutu ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu. Wewe usiyefundishwa usiijaribu, lakini ujue kumuuliza: "Umetazama chemba?"

SEHEMU YA 4: "Lakini magazini nimeificha mimi mwenyewe"

Umeificha MOJA. Bastola mpya mara nyingi inakuja na mbili au zaidi ndani ya boksi. Nyingine ziko wapi? Moja kwenye gari? Moja kwenye begi la mazoezi?

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wanalisifia na mimi linaninyima usingizi: magazini zinaingiliana. Magazini ya Glock 17 inaingia kwenye Glock 19 na kwenye Glock 26. Inachomoza chini kidogo, basi, lakini inafanya kazi. Kinyume chake hakiwezekani, fupi haifiki kwenye mpini mrefu, ila ndefu kwenye fupi inaingia vizuri. Kuna hata ndefu ya risasi 33 na inaingia kwenye zote tatu. Kampuni nyingine, kama Magpul, zinatengeneza magazini zao za kuingia kwenye Glock. Kuna hata bunduki za bega zilizoundwa zitumie magazini hizo hizo za bastola.

Tafsiri yake kwa maisha yetu ni hii. Tunaishi kwa udugu. Shemeji anakuja kukaa miezi mitatu hadi apate nyumba. Mtoto wa shangazi anaegesha gari uani kwako. Binamu ana Glock 17, mumeo ana Glock 19. Umeificha magazini ya mumeo juu ya kabati, lakini ya binamu iko kwenye koti lililotundikwa sebuleni. Kwa bastola hakuna ya baba wala ya binamu. Inayoingia, imeingia.

Ni kweli si zote zinaingiliana. Ya SIG Sauer haiingii kwenye Glock, na Glock nyembamba za siku hizi hazipokei magazini nene ya Glock 19. Lakini mama, huo ni ulinzi gani? Unamwekea mwanao dhamana kwa kutumaini kwamba wageni wako watanunua aina tofauti na ya mumeo?

SEHEMU YA 5: Zinapatikana kama soksi

Bastola yenyewe ukiinunua dukani utajaza fomu, utachunguzwa jina, na ina namba yake. Magazini, kwa sheria ya nchi nzima, haihesabiwi kuwa bunduki. Haina fomu wala uchunguzi. Kwenye majimbo yasiyoweka kikomo, inaagizwa kwenye mtandao na inaletwa mlangoni pamoja na nepi na sabuni.

Mama wa kijana wa miaka 16, nisikilize hapo. Umeificha magazini. Bastola umeiacha kwenye droo kwa sababu "haina kitu". Mwanao ana simu, ana kadi ya zawadi, ana rafiki mwenye kaka. Ulichokificha ndicho rahisi kupatikana kuliko vyote. Kigumu kukipata, yaani bastola yenyewe, ndicho umemwachia.

Kuzipunguza mitaani pia si jambo la siku moja. Kati ya Septemba 1994 na Septemba 2004 Marekani nzima ilikuwa na sheria iliyozuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Zilizotengenezwa kabla ya hapo ziliendelea kuuzwa kihalali miaka yote 10. Mwaka 2019 jaji alisimamisha kikomo cha California kwa takribani wiki moja tu, na watu wakaagiza kwa wingi kabla mlango haujafungwa tena. Mimi naunga mkono kikomo, na sababu yangu utaisoma sehemu inayofuata. Lakini usisubiri bunge lifunge droo ya chumbani kwako.

SEHEMU YA 6: Kwa nini nesi anahesabu risasi

Mtoto wa kilo 15, yaani wa miaka mitatu hivi, mwili wake mzima una damu lita moja na ushee. Mwagia maji lita moja sakafuni uone ni kidogo kiasi gani. Mtu mzima akipoteza nusu lita anaambiwa akae apumzike, anywe juisi. Mtoto huyo akipoteza hiyo hiyo, amepoteza karibu nusu ya damu yake. Na ini, wengu, moyo na mapafu yake vimekaa karibu karibu. Kwake hakuna mahali ambapo risasi inapita "pembeni tu".

Mtoto mdogo pia haishiki bastola kama kwenye sinema. Kidole chake kimoja hakina nguvu, kwa hiyo anaigeuza na kusukuma triga kwa vidole gumba. Ukiigeuza hivyo, mtutu unamtazama nani? Unamtazama yeye.

Kijana ni hadithi nyingine, na hii tunaionea aibu kuisema kwa Kiswahili. Kuna vijana wetu wanaoumia moyoni kimya kimya: shule, lugha, kuonewa, mapenzi. Aliyemeza vidonge mara nyingi anafikishwa kwetu akiwa hai na tunampigania. Anayejaribu kwa bunduki, mara tisa kati ya kumi haponi. Na wazo hilo mara nyingi ni wimbi la dakika chache. Kufuli inamnunulia hizo dakika.

Na namba za magazini? Tarehe 8 Januari 2011, Tucson, Arizona, mtu mmoja alikwenda na Glock 19 yenye magazini ya risasi 33 mahali ambapo mbunge Gabrielle Giffords alikuwa akikutana na wananchi. Watu 6 walikufa, mmoja wao msichana wa miaka 9. Wengine 13 walipigwa risasi wakapona. Alidhibitiwa alipokuwa anabadili magazini. Kule kubadili ndiko kulikowapa watu nafasi ya kumrukia. Ndiyo sababu yangu ya kuunga mkono kikomo.

Tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 Marekani, imeipita ajali ya gari. Kiti cha gari tumekikubali wote, hata yule baba mbishi kuliko wote anakifunga. Kwa nini hili linatushinda?

SEHEMU YA 7: "Lakini nesi…"

"Lakini nesi, mwanangu nimemfundisha, hagusi." Mwanao huyo huyo uliyemwambia asile pipi kabla ya chakula? Kumfundisha ni vizuri, mfundishe. Ila usimpe mtoto wa miaka minne kazi ya kulinda maisha yake wakati wewe unaweza kugeuza ufunguo.

"Lakini nesi, mwizi akija nitafungua saa ngapi?" Kuna visanduku vya kubonyeza namba vinavyofunguka kwa sekunde chache hata gizani. Na baba akitaka iwe tayari kabisa, avae mwilini mwake, chini ya macho yake. Ikitoka mwilini, inaingia kwenye kisanduku. Hakuna kituo cha katikati. Droo, chini ya mto, juu ya friji: vyote hivyo ni vituo vya katikati.

"Lakini nimenunua cha alama ya kidole." Sawa, kijaribu kwa kidole cha mtu mwingine. Oktoba 2023 visanduku na makabati takribani 61,000 ya alama ya kidole yalirudishwa sokoni kwa sababu mtu asiyesajiliwa angeweza kuyafungua, na taarifa hiyo ilitaja kifo cha mtoto wa miaka 12. Weka kidole chako, weka cha jirani, uone.

"Lakini haya ni mambo ya Wazungu." Droo haiulizi pasipoti.

SEHEMU YA 8: Sheria, tusije tukashangaa

Moja. Magazini halali nyumbani kwako inaweza kuwa kosa jimbo la jirani. New Jersey, New York na California zimeweka kikomo cha risasi 10. Colorado 15, Illinois 15 kwa bastola. Pennsylvania na Ohio hazina kikomo. Kutoka Pennsylvania kwenda harusini New Jersey ni kuvuka daraja tu, na ile magazini ya 17 iliyosahaulika kwenye gari imevuka na nyie. Sheria hizi zinapingwa mahakamani na zinabadilika, kwa hiyo angalieni kabla ya safari. Na kwa mwenye grin kadi, hukumu ya kosa la bunduki inaweza kumfukuzisha nchini. Hili muulize wakili wa uhamiaji, si kundi la WhatsApp.

Mbili. Mzazi anaweza kufungwa. Tarehe 30 Novemba 2021 mwanafunzi wa miaka 15 wa Oxford, Michigan, aliwaua wanafunzi wenzake 4 kwa bastola aliyonunuliwa na baba yake. Mwaka 2024 baba na mama, wote wawili, walihukumiwa miaka 10 hadi 15 kila mmoja. Mama pia, jamani. "Bastola ni ya baba" haikumwokoa. Mwaka huo huo sheria ya Michigan ikaanza kumlazimu mwenye bunduki kuifungia mahali mtoto anapoweza kufika.

SEHEMU YA 9: Fanyeni leo

Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao wanasema hivi: bunduki itolewe risasi, ifungiwe, na risasi zifungiwe mahali pake tofauti. Vyote vitatu kwa pamoja. Kutoa magazini na kuificha ni nusu ya kimoja.

1. Tafuteni boksi ililokuja na bastola. Sheria iliyopitishwa 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni atoe na kifaa cha kufungia kila anapouza bastola. Nyumba nyingi bado kiko kwenye nailoni yake. Mara nyingi ni kebo yenye kufuli. Baba aliyefundishwa atoe magazini, avute slaidi, atazame chemba, halafu apitishe kebo kwenye tundu linapotokea ganda, itokee chini kwenye mpini, pale pale magazini inapoingia. Mnaona uzuri wake? Kebo ikiwa mle, magazini ya baba haiingii, ya binamu haiingii, ya kuagizwa mtandaoni haiingii, na slaidi haifungi. Hiyo ndiyo inayofunga bastola YENYEWE.

2. Kama haipo, ulizeni kituo cha polisi cha mtaa wenu. Vituo vingi vinagawa kebo bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Ukiona hofu, mtume ndugu au rafiki akuchukulie.

3. Magazini ZOTE na risasi zote, za mwenyeji na za mgeni, kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo. Zihesabuni. Mgeni akifika, ulizwe mlangoni kwa heshima: "Shemeji, karibu sana. Una bastola? Leta tuifungie na ya kaka yako."

4. Unapompeleka mtoto kwa shangazi ili uende zamu ya usiku, uliza kama unavyouliza kuhusu mbwa au bwawa la kuogelea: "Dada, kuna bunduki nyumbani? Imefungiwa?" Atanuna kidogo. Atanunuka. Atasahau.

5. Kijana wako akisema maneno ya kukata tamaa, bastola itoke kabisa nyumbani kwa muda, na piga 988 saa yoyote. Unaweza kuomba mkalimani.

Ukimaliza kusoma, usiniandikie "asante nesi" kwanza. Nenda chumbani na baba watoto, ile boksi iko juu ya kabati. Kebo ikishapita, rudi hapa uandike neno moja tu: IMEFUNGWA. Halafu mtumie mama mwenzio ambaye unajua mumewe anayo.